Besi Yako na Vifaa Vyake: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nimenunua gitaa la besi la mtumba, nyuzi nne, kwa ajili ya kwaya yetu. Pesa iliyobaki si nyingi, na dukani wananishauri ninunue pedali za kubadili sauti. Nianze na nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pedali zisubiri. Anza na vile ambavyo vikikosekana huwezi kupiga: tyuna (kifaa cha kupimia kama kila uzi uko kwenye sauti yake), nyaya mbili, mkanda, na seti moja ya nyuzi za akiba.

Besi ikitoka kwenye sauti, kwaya nzima inayumba na waimbaji wanalaumiwa bure; ndiyo maana tyuna inatangulia. Zile za kubana kwenye kichwa cha gitaa ni za bei nafuu, na kwa kuwa husoma mtetemo wa mbao, kelele za ukumbini hazizisumbui sana. Taabu yake ni uzi mnene wa E, unaotetemeka mara 41 tu kwa sekunde. Mshale hurukaruka bila kutulia. Gusa uzi huo juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala kukingama shingo ya gitaa) bila kuukandamiza, upige, kisha uondoe kidole mara moja. Utasikia E ya oktavu ya juu, na hiyo tyuna inaisoma upesi. Hakikisha tu imewekwa kwenye A ya 440, yaani noti ya A inayotetemeka mara 440 kwa sekunde. Programu ya simu inafaa nyumbani penye utulivu, si madhabahuni ngoma zikiwa zinajaribiwa.

Nyaya ziwe mbili kwa sababu moja itakufa siku usiyoitarajia. Mita 3 zinatosha mazoezini, mita 6 jukwaani. Usinunue ndefu kupita haja: kwenye besi isiyo na betri, waya mrefu hula ule ukali wa sauti ya juu. Chagua wenye jeki inayofunguka kwa kuzungushwa, maana waya hukatikia pale pale unapoingia kwenye jeki, na fundi yeyote mwenye pasi ya kulehemu atakata sentimita chache zilizoharibika na kuunga upya. Jeki iliyomiminiwa plastiki haifunguki, waya utautupa wote. Na kabla ya kuchomeka, pitisha waya kati ya mkanda na mwili wa gitaa. Mtu akiukanyaga, mkanda ndio utakaovutwa, si soketi.

Mkanda uwe na upana wa sentimita 7 au zaidi. Besi nyingi zina kilo 4 hivi, na mkanda mwembamba hukata bega kabla ibada haijafika katikati. Ngozi yenye upande wa ndani usio laini inafaa zaidi, kwani hainyiririki begani, na shingo ya gitaa haishuki yenyewe kila unapoachia mkono.

SWALI: Huku pwani nyuzi zangu zinafifia sauti na kushika kutu mapema mno. Kuna dawa? Na je, kuna namna maalumu ya kuzifunga? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Jasho lina chumvi, na hewa ya bahari inayo pia. Kila ukimaliza kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini, kuanzia kwenye daraja (kipande cha mwilini kinachoshika nyuzi) hadi kichwani. Wengi hupangusa juu tu, na uchafu unaouua uzi unakaa upande wa chini, kwenye mifereji ya waya uliozungushwa. Gitaa lirudi mkobani, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kama unapiga dansi au taarab na huhitaji mlio mkali, jaribu nyuzi za flatiwundi, zile zilizozungushiwa utepe bapa. Hazina mifereji ya kuhifadhi jasho, zinadumu muda mrefu sana, na sauti yake ni nzito na ya duara. Ni ghali dukani, lakini kwa mtu wa pwani zinajilipa. Kuchemsha nyuzi za kawaida kwenye maji kunaondoa mafuta na uchafu, si kutu, na uchangamfu unaorudi haukai sana.

Sasa kufunga, maana hapa ndipo nyuzi mpya nyingi huharibiwa. Besi ya kawaida ina inchi 34 kutoka daraja hadi kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo. Nunua seti ya urefu huo, na unene wa 45 hadi 105 (kwa sehemu za elfu za inchi) ni mwanzo mzuri. Pitisha uzi kwenye daraja, uvute ukaze hadi kichwani, kisha pima sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi chake, kile unachozungushia uzi. Ukunje hapo kwa pembe kali kwanza, ndipo ukate mbele ya kunjo. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unaweza kuteleza juu ya ule wa kati, na uzi mpya ukalia kama uliochoka. Tumbukiza ncha kwenye tundu la kigingi, zungusha mara mbili au tatu ukielekea chini, mzunguko mmoja usiupande mwingine. Ukiweka mzunguko mmoja tu uzi utateleza. Ukirundika sita, hautulii kwenye sauti.

SWALI: Besi yangu ina betri ya volti 9. Inaisha haraka, na ikikaribia kuisha sauti inakwaruza. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Chomoa waya kwenye gitaa kila unapopumzika. Kuchomeka jeki ndiko kunakowasha umeme wa ndani, hata vitufe vyote vikiwa sufuri. Gitaa lililolala usiku kucha likiwa na waya linakunywa betri usiku kucha.

SWALI: Amplifaya yangu imeandikwa om 4. Nina spika mbili za om 8, nataka kuongeza ya tatu. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Usiongeze. Om ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na ukishuka chini ya ule ulioandikwa kwenye amplifaya ni hatari. Mbili za om 8 zikiungwa sambamba ni om 4, na hapo umefika kikomo. Ya tatu inashusha hadi om 2.7 hivi, amplifaya itavuta mkondo mkubwa kuliko ilivyoundiwa, itachemka, na itajizima au kuungua. Pia, kati ya amplifaya na spika tumia waya wa spika. Ule wa gitaa ni mwembamba ndani na hupata moto.

SWALI: Kanisani tunachomeka besi moja kwa moja kwenye mikisa. Sauti ni nyembamba na inavuma. – Msomaji, Arusha

JIBU: Mnahitaji kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa na kuigeuza sauti ya gitaa iifae mikisa. Besi isiyo na betri ipeni DI inayotumia umeme, wa betri au wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Yenye betri itaridhika na DI isiyotumia umeme. Waya wa maikrofoni kutoka DI hadi kwenye mikisa hata ukiwa na mita 20 hautavuma. Mvumo ukibaki, bonyezeni swichi ya kutenganisha athi (waya wa ardhi) iliyo kwenye DI. Kamwe msikate pini ya athi kwenye plagi ya amplifaya ili kunyamazisha mvumo: hitilafu ikitokea, umeme utapita kwenye nyuzi, na mpigaji akigusa maikrofoni kwa midomo anaweza kufa.