Barua kwa mwanangu: kabla hujashika spana

Lubumbashi, Julai

Binti yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshafunga kibanda. Unauliza kama uingie shule ya ufundi usomee magari, na karo juu, au urudi kutoka Kolwezi uende moja kwa moja kwa mjomba wako uanze kushika spana. Tena ukasema, “Mama, wewe unauza vipuri, mafundi wote wa mitaa ya Kenya na Katuba hapo Lubumbashi unawajua, niambie ukweli.”

Haya. Ukweli ni kwamba mimi nakula kwa sababu ya mafundi wanaobahatisha.

Kuna anayekuja na kipuri kibovu mkononi. Amekipima, anataka kimoja, analipa, anaondoka. Na kuna anayekuja na wazo. Leo plagi nne, keshokutwa koili, wiki ijayo pampu ya mafuta, na gari bado linakohoa. Huyo ndiye mteja wangu mzuri. Nimeandika ukutani kwamba kilichokwisha kufungwa hakirudishwi, na wewe unajua nilivyo mgumu.

Lakini kipupwe cha mwaka jana dawa hiyo niliinywa mwenyewe. Teksi yetu, ile Corolla ya usukani kulia, ilianza kugoma asubuhi. Ukigeuza ufunguo, stata, ile mota ya kuwashia injini, inajizungusha polepole kama mzee anayepanda ngazi, halafu kimya. Mjomba wako akasema betri. Nikatoa mpya kwenye rafu yangu. Siku mbili nzuri, ya tatu yale yale. Akasema stata. Nikatoa. Akasema basi tubadilishe na alteneta inayochaji betri, tulale usingizi. Nikatoa na alteneta, mwanangu, kwenye rafu yangu mwenyewe, bila faida hata ya franka moja.

Wiki hiyo gereji ilikuwa na kijana wa shule aliyeletwa kufanya mazoezi. Walikuwa wanamtuma maji na sabuni. Akaomba ajaribu. Alipima betri kwanza: volti 12.6, nzima kabisa. Kisha waya mwekundu wa multimita, kile kipimo cha umeme, akaugusisha kwenye chuma cha injini, mweusi kwenye kichwa hasi cha betri, akaniomba mimi nikae kwenye usukani nigeuze ufunguo. Akanionyesha kioo: volti 3 na kitu. “Mama, hapa ilitakiwa iwe karibu na sifuri, isifike hata nusu volti.”

Akanieleza akiwa amechuchumaa. Umeme ukitoka betri kwenda stata lazima upate njia ya kurudi, na njia hiyo ni waya wa masi, ule mnene unaofunga injini na mwili wa gari kwenye upande hasi. Wetu ulikuwa umeoza chini ya bolti, ukungu wa kijani na mweupe, nyuzi zimekatika ndani ya ngozi yake. Umeme ulikuwa unaenda vizuri, unakwama kurudi. Tulibadilisha waya kwa bei ya sahani mbili za bukari, ugali wetu, na samaki. Gari likawaka mara moja.

Mjomba wako alinyamaza kidogo, halafu akasema kijana ana bahati.

Usimcheke. Mpe Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2 za dizeli, isiyo na kompyuta ya kusimamia sindano zake za mafuta, uone. Anaweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye injini, anakuambia ni beringi ipi inalia. Hilo hutalipata darasani, na ndiyo sababu sitaki umkimbie. Ila magari yanayoingia sasa kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi, na mashine ya kusoma hitilafu ukiichomeka inatoa namba. Hapo napo vijana wanadanganyika. Ikitoka P0171, mbio kwangu kununua sensa ya oksijeni. Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta imeona hewa imezidi kipimo kwa mafuta yaliyopo. Huenda ni bomba la mpira lililopasuka linalovuta hewa pembeni. Kuijua tofauti hiyo ndiko nitakakokulipia karo.

Kwa hiyo shule kwanza. Diploma yako ya ualimu unayo, huna haja ya kuanza upya sekondari ya ufundi. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, ile iliyoanzishwa 1964, inafundisha watu wazima, na Wasalesiani, wale watawa Wakatoliki wenye shule za ufundi, wako mjini hapa tangu 1911. Ila jina lisikutie upofu. Nenda siku ya kazi, asubuhi, bila kumwarifu mtu. Ingia karakana. Angalia kama injini zinawaka au zimepakwa rangi tu za kuonyesha wageni. Hesabu wanafunzi wanaozunguka injini moja. Tazama mikono yao. Na uone kama gari lililoinuliwa limewekewa stendi au linakalia jeki peke yake. Wakikulaza chini ya gari lililokalia jeki, toka, hata kama karo umeshalipa.

Ukimaliza utakuwa mwanafunzi mwenye karatasi, si zaidi. Utabadilisha oili, utafunga pedi za breki, utaosha vipuri, na watu watakutuma sigara. Wewe ni mwanamke, watakutuma na chakula pia. Mimi walinituma miaka miwili kabla ya kuniuliza bei ya filta.

Ukiwa bado shuleni, kila Jumamosi nenda kwa mjomba, nimeshazungumza naye. Pesa atakayokupa iwe ya nauli. Nakujua: ukianza kwake siku zote sita, mwezi wa tatu utakuwa na franka mfukoni na benchi la shule hutalitaka tena.

Muhula unaanza Septemba, basi uwe hapa kabla ya katikati ya Agosti. Yule kijana aliniachia multimita yake kama rehani ya plagi alizokopa, hakurudi kuichukua. Iko droo ya chini, chini ya daftari la madeni. Betri yake ya volti 9 imekwisha, ninunulie huko, hapa wananiuzia feki.

Mama yako