Kushukuru ni Kutaja

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma nikaurudia, nikaona mambo haya hayafai kuandikiana kwenye simu. Unataka kujua kama kwenye ukurasa wa shukrani wa albamu yako umtaje mwalimu wako wa kwanza wa ganuni, hii ala yako ya nyuzi, au umwache, kwa yale aliyokutendea mwaka wa ile safari. Nitafika kwake. Lakini kwanza nina langu.

Ile orodha uliyonitumia nimeisoma jina kwa jina. Umeanza na chuo chako cha muziki pale Mizingani, na ni haki yake. Kabla hakijafunguliwa mwaka 2002, mtoto wa kike wa Unguja aliyetaka kujifunza ala angekwenda wapi akafundishwa mchana kweupe, kwa ratiba, na mlango wazi? Umewataja waliorekodi, wapiga fidla, mpiga ngoma ya dumbak na yule wa tari la rika. Mimi na marehemu baba yako umetuweka karibu na mwisho, kama adabu inavyotaka. Halafu chini kabisa umeandika: "na wengine wote walioniunga mkono." Mwanangu, hao wengine wote ni nani?

Neno langu unalijua, nimelisema mpaka mmelichoka nyote: kushukuru ni kutaja. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na watu wana majina. Siti binti Saad leo nani asiyemjua? Mwanamke wa Fumba, muuza vyungu, aliyekuwa akiingia mjini kwa miguu na mzigo kichwani, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay sauti yake ikatiwe kwenye santuri. Lakini muulize kijana yeyote hapo Darajani ni nani aliyemkalisha Siti chini akamfunza kuimba na udi, atakutumbulia macho. Ni Ali Muhsin. Alimsikia mwanamke wa shamba ana sauti, akatoa wakati wake kumfundisha, na hakuna aliyemlazimisha. Bi Kidude naye, mpaka anafariki Aprili 2013, dunia nzima imeshamjua, alikuwa bado akimtaja Siti, jinsi alivyokuwa akimfuata na kumsikiliza tangu mdogo. Ndiyo maana nampenda Bi Kidude kuliko wote, na wenye kusema sauti yake ilikuwa ya kukwaruza waseme.

Sasa nauliza: mjomba wako yuko wapi kwenye orodha yako?

Nyinyi mlimjua Mjomba Fundi akiwa mzee, macho yamekwenda, yuko barazani na redio yake. Mimi namjua akiwa na cherehani ya miguu pale Mchangani, nywele nyeusi, chaki nyuma ya sikio. Mashairi aliyaandika kwa chaki kwanza, juu ya kitambaa cheusi cha buibui, kwa sababu chaki inafutika kwa kiganja. Mstari ukishakaa ndipo anauhamishia kwenye karatasi ya kaki ya kukatia kanzu. Mizani alizihesabu kwa kidole juu ya ubao wa cherehani, nane na nane, na ikipelea moja hakanyagi pedeli tena. Mteja amesimama mlangoni anangoja kanzu ya Idi, na fundi kainama anatafuta neno la silabi tatu liishie na "ri". Akilipata, anacheka peke yake, kisha anashona kwa kasi ya ajabu.

Wakati huo mimi muitikiaji kwenye kikundi. Unajua nyimbo zetu za taarabu zinavyozaliwa: mmoja hutunga shairi, mwingine hulitia muziki, wa tatu huliimba, na sisi nyuma tunapokea. Ilikuwa Idi pili. Ukumbi umejaa, watu wamebanana mpaka kwenye ngazi. Mjomba wako hakupata kiti; alisimama nje kwenye dirisha la upande wa ganuni, kiwiko juu ya kizingiti. Nilimwona tangu bashrafu ya kufungulia, isiyo na maneno, inapigwa. Wimbo wake ulipofika, beti ya pili tu wanawake wakaanza kuinuka. Wanakuja mbele taratibu, wanayumba, noti mkononi, wanamtunza mwimbaji, wanarudi, wanakuja wengine. Beti ya tatu ukumbi ukapiga ukelele wa namna ambayo sijaisikia tena. Ilikuwa beti nzito, mwanangu, ya mtu aliyeachwa na hataki kulia mbele ya watu. Noti nyingine zikaanguka miguuni mwetu na hakuna aliyeinama kuziokota, sote tunaimba. Wakataka urudiwe, ukarudiwa.

Ulipomalizika, kiongozi wa kikundi akashika maikrofoni. Akamshukuru mwimbaji kwa jina. Akamshukuru aliyetia muziki kwa jina lake na la baba yake. Akamshukuru mwenye ukumbi. Akamshukuru aliyetuazima viti. Mimi shingo nimeshaigeuza, natazama dirishani. Mjomba wako alikuwa bado anapiga makofi.

Mpaka leo nikilikumbuka hilo koo linanikauka. Asubuhi yake alikuja kunywa chai kwetu kama kawaida. Nikamwekea mkate wa kumimina, nikakaa mbele yake sijui niseme nini. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniuliza, "Ile beti ya tatu, mlipopokea, neno la mwisho lilisikika?" Nikamwambia lilisikika. Akasema, "Basi," akakata mkate.

Kuna siku najiambia pengine hakuumia, niliyeumia ni mimi. Ndivyo alivyokuwa: raha yake neno likae mahali pake, basi. Kisha nasema hapana, mtu asiyejali hasimami dirishani usiku kucha na joto la ukumbi mzima linampiga usoni. Alikuja kusikia jina lake. Au alikuja kusikia beti ya tatu. Nabishana na nafsi yangu kwa hili miaka yote, na kila nikidhani nimemaliza, Idi inarudi. Alitunga mpaka alipokufa, na kile kikundi kiliendelea kumwimba. Lile kasha langu la mkangazi chumbani limejaa karatasi zake za kaki, nyingine bado zina alama za mabega na mikono ya kanzu pembeni ya mashairi.

Huyo ndiye aliyekulea. Uliota meno chini ya cherehani yake ukiokota vifungo, na kabla hujaanza skuli ulikuwa unajua mstari uliopungua mizani, unamwambia "Mjomba, huu kilema," naye anaufuta. Ule mfuko wa ganuni unaokwenda nao mpaka leo, wa kaki nje na flana ndani, nani aliushona, macho yake yakiwa yameshaanza kuingia ukungu? Na shangazi yako je? Nyuzi zilipokatika, na hapa mjini hazikupatikana, alimwandikia shoga yake Maskati, zikaja kwenye bahasha, zimefungwa pamoja na ubani. Alilipa kwa vitumbua, asubuhi baada ya asubuhi, na hakuwahi kukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Na yule rafiki yako wa Kikwajuni aliyekuwa akikusindikiza kila ulipotoka mazoezini usiku, akaketi nje kwenye ngazi mpaka mmalize, na yeye wala muziki haupendi! Mtu akingoja hivyo kwa jambo asilolipenda, ampendaye ni wewe. Kushukuru ni kutaja. Tunzo la ukumbini ni la usiku mmoja, asubuhi noti zimeshahesabiwa na kugawanywa. Jina lililochapishwa litasomwa na wajukuu wa shangazi yako.

Haya, mwalimu wako.

Sikatai wema wake. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, ukiilinganisha asubuhi jioni hali ya hewa imeshaiharibu, na hii bahari yetu haina huruma na mbao wala ngozi. Mzee wa watu akakupa ufunguo wewe, mtoto wa darasa la sita, uzikaze na kuzilegeza mwenyewe kwenye ala yake ambayo asingemwazima hata ndugu yake. Hakuchukua senti kwangu. Alikuweka kwenye makamu moja ya sauti, Rast, Rast, Rast, ukaja unalia unataka Hijaz kama wenzako, naye akasema mpaka vidole vyako viijue Rast usingizini. Mimi nilikuwa nikisikiliza ukutani kwa jirani, na nilijua anafanya kazi ya haki.

Halafu safari ya ng'ambo ikaja. Akasimama mbele ya kikundi kizima akasema ganuni haisafiri na mtoto wa kike, akampa nafasi kijana ambaye wewe ndiye uliyekuwa ukimlinganishia nyuzi. Hukumjibu. Ulikuja nyumbani, ukaitoa ile ala mfukoni, ukaifuta kwa kitambaa uzi kwa uzi, mpaka chini ya vile vishikio vidogo vidogo vya kushoto, kisha ukamrudishia siku ile ile. Nilikuwa jikoni nakuona. Baada ya hapo nyumba ilikaa kimya muda mrefu, mpaka siku ulipowaona Tausi wa Bi Mariam Hamdani, wanawake watupu wameshika fidla na udi na ganuni, ukaja ukaniambia unataka kuanza tena.

Sasa kwa neno langu mwenyewe ningekwambia mtaje. Huwezi kufungua albamu na taksimu ya Rast, ganuni peke yake, kisha ukajifanya hujui vidole vyako vilifunzwa wapi. Lakini ukimtaja, mtu wa mbali atasoma jina lake adhani alikushika mkono mpaka mwisho, na hakukushika. Alikuacha penye watu. Je, shukrani inaweza kuandikwa nusu? Baba yako angesema inaweza. Angesema mshukuru kwa miaka aliyokufunza, na hiyo siku moja mwachie Mungu. Alikuwa mwepesi wa kusamehe, baba yako, na mara nyingi nilimwona ana haki na mara nyingine nilitamani nimtikise. Kisha namfikiria kaka yangu pale dirishani, nasema kuacha jina la mtu aliyetoa kazi yake ni dhuluma, hata huyo mtu awe amekosa. Kisha nakukumbuka wewe na kile kitambaa, nasema mtoto wangu hadaiwi na mtu. Unaona nimeandika "mwalimu wako, mwalimu wako" mpaka hapa, mimi huyu ninayekuhimiza kutaja. Kalamu imekataa.

Hukumu yangu ninayo, na imenikaa kwenye ulimi tangu nilipoanza barua hii. Sikupi. Laiti ungeniuliza la mjomba wako ningekuamuru. Hili ni lako, wewe ndiye uliyeifuta ile ala.

Lakini mkewe ni habari nyingine, na hapo sikuachii hiari. Yule mama alikupa uji wa mtama kila ulipofika kwake na njaa ya skuli, akakutandikia mkeka penye upepo, na siku ya maneno yale alikuja kwetu usiku, amejifunika ushungi mpaka machoni, akakaa na mimi mpaka karibu na alfajiri. Hakumtetea mumewe, hakumsema. Muandike, jina lake na la baba yake, umuulize mwanawe linavyoandikwa usije ukalikosea. Mjomba wako naye usimwandike Mjomba Fundi. Tumia jina lake kamili, na mbele yake andika "mtunzi wa mashairi," kwa maana hakuna karatasi yoyote iliyowahi kuandika hivyo. Huo mstari wa wengine wote ufute. Wakikwambia nafasi haitoshi, punguzeni picha.

Kasha liko wazi, ukija Ijumaa tuzipange zile karatasi pamoja kabla wadudu hawajazimaliza. Na la mwalimu, ukishaamua, nipigie kabla hamjapeleka kuchapisha. Sitakuzuia wala sitakubembeleza. Sitaki tu kulisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mbele ya watu.

Mamako