Msiniulize jikoni, niulizeni paa

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama majukumu ya jadi ya mwanamke katika familia yamepitwa na wakati, na juu ya swali mkaweka picha ya mama anayesonga ugali. Najua majibu mtakayopata. Wengine watasema mume naye apike, wengine watasema Maandiko yamekataa, na mabishano yataishia papo hapo kwenye sufuria. Mimi hilo la jikoni halinisumbui. Hapa Nakuru mimi na mume wangu sote tunaenda kazini, anayefika nyumbani kwanza ndiye anayewasha jiko, na hakuna aliyewahi kuitwa mbele ya wazee kwa sababu hiyo.

Kinachonichoma ni vile vitu ambavyo mwanamke anakatazwa kuvigusa. Mtu wa kwetu Isukha, kule Kakamega, hahitaji kuelezwa. Mwanamke hakwei mti. Kupiga isukuti ni kazi ya wanaume, na ndiyo ngoma hiyohiyo ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Bibi zetu hawakula kuku wala mayai, na mpaka leo firigisi ni ya baba. Kule Ikolomani kwenye dhahabu, wanaume ndio wanaoshuka shimoni, wanawake wanabaki juu wakiponda mawe na kuosha mchanga. Na kubwa kuliko yote, mwanamke hapandi juu ya nyumba.

Wazee walikuwa na sababu yao. Nyumba ya msonge ya zamani ilikuwa na kijiti kilichochomoza kileleni mwa paa. Majirani zetu Waluo hukiita osuri. Kijiti kikiwa kimesimama, mwenye boma yu hai. Akifa, kinaondolewa. Paa lilikuwa la mwanamume, na mwanamke akilikanyaga ilihesabiwa kwamba amemkanyaga mume wake, au anamwombea kifo. Nyumba za nyasi karibu zimekwisha, kijiti hakipo tena, lakini katazo limehamia juu ya mabati na kukaa vilevile.

Aprili 1987 mvua ya mawe ilipiga Shinyalu alasiri moja. Mtu wa Kakamega anazijua mvua hizo: asubuhi jua kali, saa tisa anga jeusi upande wa Nandi, radi, halafu mawe. Upepo uling'oa mabati mawili ya nyumba ya kukhu, mama yake baba, upande wa chumba chake cha kulala. Babu alikuwa ameshafariki. Wana wote wa kiume walikuwa mbali. Baba yangu alifundisha huku Nakuru, mwingine alikuwa Nairobi, na baba mdogo alikuwa Eldoret katika kiwanda cha nguo. Bomani tulikuwa kukhu, mama yangu, sisi watoto, na senje.

Senje, dada yake baba, alikuwa amerudi. Aliolewa upande wa Kabras, ndoa ikamshinda, akarudi na sanduku moja la bati, akawa analala jikoni kwa sababu binti aliyerudi hajengewi nyumba katika boma la babake. Alikuwa mchapakazi. Kuni, maji, kulima, kukamua, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu.

Usiku ule tulitega masufuria na mabeseni. Kulipokucha senje alimwendea jirani mwanamume akamwomba atupigie yale mabati. Akakataa. Alisema hapandi nyumba ya mjane bila wanawe kujua, na alikuwa na haki, kwa sababu mwanamume anayeezeka nyumba ya mjane huanza kuhesabiwa kuwa ndiye aliyemrithi. Mawingu yakaanza kujikusanya tena. Ndipo senje akavaa suruali ya sare ya kaka yangu, akafunga leso juu yake, akachukua nyundo.

Ngazi ilikuwa ya miti ya mikaratusi, babu aliitengeneza mwenyewe. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la misumari na kukata vipande vya ndala kuukuu, vile vinavyowekwa chini ya kichwa cha msumari ili maji yasipenye. Nakumbuka nyayo zake zilizopasuka, zenye udongo mwekundu, zikipita mbele ya uso wangu. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akigonga bati kwanza kwa ngumi, akisikiliza mbao iko wapi, kisha ndipo anapiga msumari. Sijui alijifunzia wapi. Nadhani alikuwa amewatazama wanaume maisha yake yote.

Kukhu alitoka akasimama uani, manyunyu yakimwangukia. Hakupiga kelele. Alisema, "Teremka, mwanangu. Hiyo nyumba si yako, wala si yangu."

Senje akamjibu kutoka juu, "Ni ya nani basi, mama? Mwenyewe tumemzika."

Mama yangu akaingia jikoni na kufunga mlango, maana mke wa boma hasimami akisikiliza maneno ya namna hiyo kati ya mavyaa na wifi. Senje akamaliza kazi, akashuka, akanirudishia misumari iliyobaki. Mvua ilinyesha usiku kucha na paa halikuvuja hata tone. Kukhu hakulala humo. Alibeba blanketi lake akaja kulala jikoni pamoja na senje, kitanda kimoja, bila kusemezana, na asubuhi akaniandikisha barua ambayo ilipewa kondakta wa basi la Eldoret.

Baba mdogo alifika kabla wiki haijaisha. Alipanda juu, akang'oa kila msumari ambao senje alipiga, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, akairudisha katika matundu yaleyale. Misumari ileile, mabati yaleyale, vipande vilevile vya ndala nilivyovikata mimi. Ilimchukua karibu siku nzima kuifanya upya kazi ambayo ilikuwa imekwisha. Jioni kukhu akaingia ndani mwake, akalala.

Siku hizo kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi, ilikuwa katika Mahakama ya Rufani na redio iliitaja kila jioni. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulitaka akazikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Baba mdogo aliposhuka alimwuliza senje, mbele yetu sote, kama naye anataka kuwa Wambui. Senje hakujibu. Mwezi wa tano mahakama iliupa ukoo haki ya kuzika, na bomani kwetu hukumu ile ilichukuliwa kuwa jibu la mambo mengi ambayo majaji hawakuulizwa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema makatazo haya yafutwe yote, leo hii. Lakini kuna yaliyofuata baada ya lile paa, na haki inanitaka niyaseme.

Baba mdogo hakuwa amekanyaga nyumbani tangu Krismasi. Alipokuja kwa ajili ya mabati alilipa deni la kukhu kwenye duka la Khayega, akatengeneza zizi, akaacha pesa za mbolea. Tangu mwaka ule alikuja kila mvua za masika zilipokaribia, kulikagua paa, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Kazi ya senje ingekubaliwa, ni nani angemtoa Eldoret? Angesikia kwamba nyumba imeshatengenezwa, angeshukuru Mungu, angebaki huko huko. Katazo lilimfunga kukhu, lakini lilimfunga na mwanawe pia: mama yako hawezi kupanda, basi njoo. Mjane asiyejua kusoma, asiye na akiba, hilo ndilo dai alilokuwa nalo ambalo halikuhitaji wakili. Naamini kukhu alilijua hilo vizuri kabisa aliposimama pale uani.

Na makatazo haya hayakuwa mabaya hivyo zamani, wakati wanaume walikuwa nyumbani. Mkoloni ndiye aliyeleta kodi ya nyumba, na wanaume wa Magharibi wakalazimika kufuata mshahara, kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli, Nairobi. Wajibu wa mwanamume ukasafiri naye. Katazo la mwanamke likabaki bomani peke yake, halina mtu wa kulitimiza upande wa pili.

Nikifika hapo karibu nilitetee. Kisha namkumbuka senje.

Senje alipata nini? Mwaka ule ng'ombe alitupa mimba, ikawa ni senje na lile paa. Mguu wa kukhu ukavimba, ikawa ni senje. Hakuna aliyetumiwa barua kwa ajili yake. Babu alifariki mwaka 1984, na Sheria ya Urithi ilikuwa imeanza kutumika tangu Julai 1981; haibagui kati ya mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Hakuna aliyemwambia, na nadhani hata angeambiwa asingethubutu kulitamka mbele ya kaka zake. Alifariki miaka kadhaa baada ya Katiba ya 2010, ile ambayo katika Ibara ya 60 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Tukamzika nje ya ua, nyuma ya migomba, kwa sababu binti hazikwi ndani ya boma la babake. Wanasheria wawili walikuwa kwenye mazishi hayo, ndugu zetu wa damu. Walishika makoleo.

Mtaniambia mambo yamebadilika. Yamebadilika, na ninajivunia. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, akaingia bungeni mwaka 1969. Tangu 2022 hapa Nakuru gavana ni Susan Kihika, na Homa Bay ni Gladys Wanga. Lakini kiti cha meya kilimfungukia mwanamke zaidi ya miaka ishirini kabla ya kukhu kukataa kulala chini ya misumari ya bintiye. Mambo haya mawili yamekwenda kila moja kwa njia yake. Hata leo vyama vya akina mama kule kwetu wanachanga pesa, wananunua mabati, wanayabeba kichwani kutoka barabarani, kisha wanakaa chini kumngoja fundi.

Basi nimelijibu swali lenu, ingawa najua sijalijibu kama mlivyoliuliza. La kupika, limekwisha, sioni haja ya kuendelea kuliuliza. La paa, ningependa libaki kwa muda. Najua linashangaza kutoka kwangu mimi niliyeshika kopo la misumari. Libaki kwa mjane ambaye ana wana wazima wenye kazi na nauli, na libaki kama deni lao: simu ikipigwa kwamba bati limeng'oka, mmoja wao aingie kwenye matatu, asitume pesa za fundi na kulala. Wakishindwa kufika, katazo liwe limekufa hapo hapo, na mama au bintiye apande bila mtu kung'oa msumari. Mjane asiye na mwana asingoje hata mara moja. Binti yangu mwenyewe nimemfundisha kupiga bati, hapa hapa kwenye banda letu la kuku, na mume wangu ndiye aliyeshika ngazi.

La kaburi sina masharti nalo. Binti aliyerudi azikwe ndani ya ua, na kama kuna mzee wa ukoo wetu anayesoma gazeti hili, nalisema kwake moja kwa moja: tukikutana Desemba, hilo ndilo nitakalolileta.

Msomaji wenu, Nakuru