Usimsubiri kiwandani: Keya wa Burma kutoka boksi la Mwingereza

Ukipitia orodha ya sanamu za askari za kuunga za skeli ya 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko mtu halisi, utakutana na Wajerumani hadi uchoke: wamelala, wamesimama, wanakula, wanasukuma pikipiki. Nyuma yao Wamarekani, Warusi, Waingereza. Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki, ukimtaka kwa plastiki utatafuta sana. Ni hesabu tu. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali, na kiwanda kinataka boksi litakalonunuliwa Osaka, Berlin na Chicago kwa mpigo mmoja.

Anayemtaka basi amtoe kwa Mwingereza. Kazi yenyewe si ya kutisha, maana vifaa vilitoka stoo moja: mikanda ya mwaka 1937, chupa ya maji, bunduki ya Lee-Enfield, bunduki rashasha ya Bren. Kinachobadilika ni kichwa, kofia, panga na alama.

Kabla ya kushika wembe, chagua mwaka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Keya wa 1916 alivaa tarbushi lenye kitambaa cha kaki, akazungushia miguu vitambaa vya buluu iliyoiva, na mara nyingi alitembea pekupeku. Keya wa Ethiopia 1941 ni kaki na kaptula. Wa Burma (Myanmar ya leo) 1944 ni kijani cha msituni, suruali ndefu, buti na kofia ya pama. Ukiwachanganya unapata mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inavutia kuipiga picha pande zote, lakini huyo ni wa Vita vya Kwanza; usimvishe mavazi yake mtu wa Burma.

Tumchukue wa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, masika ya kule yakiwa yamepamba moto, ikateremka hadi Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Namba ya batalioni inakuambia askari ametoka wapi: 36 ni wa Tanganyika, 44 ni wa Uganda, 22 ni wa Nyasaland, Malawi ya leo. Mara nyingi tarakimu ya mwisho ndiyo rejimenti mama, yaani 6 ni Tanganyika, 4 Uganda, 2 Nyasaland. Amua hilo mapema, kwa sababu linagusa hata sura utakayochonga.

Kiwiliwili kitoe kwenye boksi la kiwanda cha Tamiya la Jeshi la Nane la Uingereza. Ni la zamani na mikunjo yake ni butu, ila lina shati na mikanda tayari. Miguu yake ni ya kaptula, kwa hiyo kata kiunoni na uweke miguu ya Mwingereza wa Ulaya mwenye suruali ndefu. Mfuko mkubwa wa pajani uache, haudhuru. Viuno vya maboksi mawili havilingani kamwe; pengo litakuwepo. Usihangaike kulilainisha kwa msasa siku nzima. Mkanda wa 1937 ulikuwa na upana wa inchi mbili na robo, ambao kwa 1/35 ni milimita 1.6. Kata utepe wa upana huo kwenye karatasi ya plastiki ya unene wa milimita 0.25, uuzungushe juu ya kiungo, upake gundi nyembamba. Pengo limekwisha.

Kofia ya pama ndiyo inayomfanya mtazamaji aseme "huyu ni wa Burma". Kwa 1/35 ukingo wake ni mviringo wa yai wa takriban milimita 10 kwa 8.5. Ukate kwenye plastiki ileile ya 0.25, toboa tundu katikati, uuvishe kwenye kichwa kilichokatwa utosi juu kidogo ya masikio. Kisha changanya Milliput, udongo wa kufinyangia wa sehemu mbili unaokuwa mgumu ukichanganywa, nusu kwa nusu, ukandekande hadi mistari ya rangi mbili ipotee kabisa. Ukiacha mistari, sehemu hiyo haitakauka. Finyanga utosi, bonyeza bonde la katikati kwa kijiti cha meno kilicholowa maji, uache kwa muda wa saa nne. Siku ya pili ndipo uweke kilemba chake kinachozunguka utosi: tepe tatu nyembamba za Milliput, moja ikilalia nyingine. Ukifanya vyote kwa siku moja, vidole vitaharibu ulichokifinyanga asubuhi. Ukingo upinde kidogo kwa vidole kabla ya gundi, mbele ushuke, pembeni upande. Pama lililonyooka kama sahani linaonekana limetoka dukani, na hawa walishinda mvuani kwa miezi.

Sasa uso. Kumpaka kahawia Mzungu hakumfanyi Mwafrika, humfanya Mzungu aliyepakwa kahawia. Kama unaweza kupata kichwa cha resini kilichochongwa hivyo, nunua. Kama huna, punguza mgongo wa pua kwa msasa laini mara mbili tatu tu, weka vidonge viwili vya Milliput vidogo kuliko punje ya ulezi kwenye mbawa za pua, na utepe mwembamba kwenye mdomo wa chini. Usizidishe. Keya walitoka Nyasaland hadi Usomali, na nyuso zao hazikuwa moja. Sanamu tano zenye pua moja ni katuni. Picha za askari kutoka Kenya huonyesha baadhi yao wenye ndewe zilizotogwa zikatanuka, nyingine zimepinduliwa juu ya sikio. Uzi mmoja wa shaba wa milimita 0.2 unatosha kuionyesha, na hakuna kiwanda kitakachokupa hiyo.

Rangi ya ngozi ndiyo inayowashinda hata mafundi wazuri. Kosa ni lilelile: wanaanza na kahawia, wakitaka mwanga wanaongeza nyeupe, na uso unatoka umepauka kama mtu aliyeoga bila kujipaka mafuta. Nyeupe iweke mbali. Kwa rangi za Vallejo, ambazo hutajwa kwa namba ya chupa, anza na 70.872 (kahawia ya chokoleti) sehemu tatu na 70.822 (kahawia nyeusi) sehemu moja, uzimue kwa maji, upake tabaka mbili nyembamba. Vivuli chini ya taya, pembeni mwa pua na chini ya ukingo wa pama ni 70.822 yenye tone la 70.859 (nyekundu nyeusi). Mwanga ni 70.872 iliyotiwa 70.804 (beji nyekundu), kwanza moja kwa nne, kisha moja kwa mbili kwenye mifupa ya mashavu, ncha ya pua na juu ya nyusi pekee. Halafu jambo ambalo wengi hawalifanyi: ngozi nyeusi huonyesha mwanga kwa kung'aa zaidi kuliko kwa kuwa nyeupe. Pitisha vanishi ya nusu mng'ao kwenye paji, pua na migongo ya mikono, nguo ziache bila mng'ao. Jasho limekuja lenyewe. Viganja vipe rangi nyepesi zaidi, na weupe wa jicho uwe wa pembe ya ndovu. Nyeupe kali humfanya aonekane ameona jini.

Panga usilisahau. La kweli lilikuwa na urefu wa nusu mita hivi, kwa hiyo milimita 14. Kopo la soda ndilo bati lake: likate kwa mkasi, lisugue rangi, mpini uwe wa Milliput. Bati hilo linakata vidole, lishike kwa koleo.

Sare ni 70.975 (kijani cha jeshi), mwanga kwa kuongeza 70.886 (kijani kijivu). Kuanzia magotini kwenda chini paka yenye giza zaidi, maana nguo iliyolowa huiva. Tope la Kabaw si vumbi. Ukitumia unga mkavu wa rangi umempeleka jangwani. Changanya unga huo na gundi nyeupe na vanishi ya mng'ao.

Magari ni mepesi zaidi. Jeep ya Tamiya au lori la Chevrolet C15A la kiwanda cha IBG ni gari lilelile la jeshi lote la Jumuiya ya Madola. Malori hayo ya Kanada yana usukani wa kulia, kwa hiyo dereva wa boksi la Kimarekani hatakaa. Kwa Ethiopia 1941, gari la deraya la Marmon-Herrington, nalo la IBG, linafaa, ingawa wahudumu wake wengi walikuwa Waafrika Kusini. Kinachobaki ni alama ya divisheni, kichwa cha kifaru, yule wa porini. Begani ni kama milimita 1.4, mipigo mitatu ya burashi: kichwa, pembe kubwa, pembe ndogo. Ifanyie mazoezi kwenye karatasi mara ishirini kabla ya kugusa sanamu.

Na ukiamua kuwaandikia watengenezaji, usiombe boksi zima la Keya. Omba pakiti ya vichwa vitano vyenye pama, kila kimoja na sura yake. Kichwa cha 1/35 kina urefu wa milimita 6.5 hivi bila kofia. Anayechapa resini kwa tabaka za milimita 0.05 anaweza kuvitoa bila kalibu ya chuma. Ambatisha picha za Divisheni ya 11, zipo kwenye mkusanyo wa Imperial War Museums, na uchague zile za pembeni na nyuma ya kichwa, kwa sababu mchongaji akipewa picha za mbele tu atabuni kilemba.