Dawa za steroidi: waliyotufundisha panya na kondoo

SWALI: Mama yangu anaugua baridi yabisi na anatumia vidonge vya prednisolone tangu mwaka jana. Maumivu yamepungua, lakini sukari yake imepanda, mikono na miguu imekonda, na daktari amemwonya asithubutu kuacha dawa ghafla. Nimesikia kwamba mengi yanayojulikana kuhusu dawa hizi yalitokana na majaribio ya panya. Je, majaribio hayo yanamhusu vipi mama yangu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Yanamhusu sana. Prednisolone ni dawa ya steroidi; hufanya kazi ya kotisoli, homoni ya kundi la glukokotikoidi inayotolewa na tezi za adrenali, zile tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, na yale unayoyaona kwa mama yalianza kueleweka maabara kabla dawa yenyewe haijatengenezwa.

Tuanze na sukari. Mwaka 1940, C. N. H. Long na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza walichokiona baada ya kuwaondolea panya tezi za adrenali na kuwanyima chakula. Akiba ya sukari katika ini la panya hao iliisha haraka mno, na sukari ya damu ikashuka. Walipodungwa maji yaliyokamuliwa kutoka gamba la adrenali, yaani tabaka lake la nje, akiba ilijaa tena, na papo hapo naitrojeni ikaongezeka katika mkojo wao. Naitrojeni hiyo ndiyo ushahidi wenyewe, kwa kuwa hutoka kwenye protini: sukari mpya ilikuwa inatengenezwa kwa kuvunjavunja protini ya mwili, ikiwemo ya misuli. Kwa hiyo sukari iliyopanda na mikono iliyokonda si maradhi mawili tofauti. Ni kazi moja ya homoni, inayofanyika kwa kiwango kikubwa kuliko mwili ulivyozoea.

Kuhusu kinga, mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, aliripoti kwamba panya waliopatwa na baridi kali, uchovu mkubwa au sumu walivimba tezi za adrenali, wakapata vidonda vya tumbo, na tezi yao ya thaimasi, ambamo baadhi ya chembe nyeupe za damu hukomaa, ikasinyaa. Kwa panya walioondolewa adrenali, thaimasi haikusinyaa vile; yaani homoni za adrenali ndizo zilizoisinyaza. Nguvu hiyo ya kutuliza kinga ndiyo inayompunguzia mama maumivu ya viungo, na ndiyo inayomweka katika hatari ya maambukizi. Akipata homa, msisubiri ipoe yenyewe.

Jaribio ambalo kwa maoni yangu kila familia yenye mgonjwa anayetumia dawa hizi ingepaswa kulijua ni la mwaka 1938. Dwight Ingle, Higgins na Kendall waliwapa panya wazima kiasi kikubwa cha homoni za gamba la adrenali, na gamba la panya hao likasinyaa. Sababu ni kwamba tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikiona homoni imejaa katika damu, huacha kuzituma adrenali kufanya kazi, nazo zisipotumwa kwa muda mrefu hudhoofu. Mama akiacha vidonge leo, kesho adrenali zake hazitaweza kujaza pengo hilo. Atalegea, huenda akatapika, shinikizo la damu litashuka, na anaweza kupoteza maisha. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo ili tezi zipate muda wa kuamka. Tafadhali, mama amweleze kila mhudumu wa afya kwamba anatumia dawa hii, hasa kabla ya upasuaji.

Hata hivyo, panya si mtu. Homoni yake kuu ni kotikosteroni, si kotisoli, nayo hupanda jioni, anapoanza shughuli zake za usiku, ilhali yetu hupanda alfajiri. Isitoshe, ukimshika tu, homoni huanza kupanda ndani ya dakika chache, na mtafiti asiyechukua damu upesi hujikuta amepima hofu ya mnyama badala ya athari ya dawa.

SWALI: Dada yangu alichomwa sindano za dexamethasone kwa siku mbili kabla ya kujifungua mtoto njiti. Kwa nini? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ili kuyakomaza mapafu ya mtoto. Dexamethasone nayo ni dawa ya kundi la glukokotikoidi, kama prednisolone. Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa uzazi, akawapa glukokotikoidi wanakondoo walio tumboni. Walizaliwa kabla ya wakati, na mapafu ambayo hayakutarajiwa kupokea hewa yakawa yamefunguka kwa sehemu. Aliripoti hayo mwaka 1969. Mwaka 1972, yeye na Ross Howie walitoa matokeo ya jaribio la kina mama 282: shida ya kupumua iliwapata asilimia 9 ya watoto ambao mama zao walipewa dawa, ikilinganishwa na karibu asilimia 26 ya wale ambao mama zao hawakupewa.

Majaribio ya baadaye ya kondoo yalionyesha pia kwamba dozi zikirudiwarudiwa, wanakondoo huzaliwa na uzito mdogo. Kwa sababu hiyo madaktari kwa kawaida hutoa awamu moja tu ya sindano, na hufikiria kuirudia pale tu hatari ya kujifungua mapema inapojitokeza tena.