Faili la Google Drive linakukatalia? Anza na akaunti

Dada wa Wete, nimekufahamu: mhasibu wenu aliyeko Unguja kakutumia kiungo cha hesabu za ushirika wa mwani, anaapa kakuongeza, na wewe kila ukikigusa unaambiwa huna ruhusa. Lilinikuta hilo wiki nzima, pole sana.

Mara nyingi tatizo ni akaunti. Ukiwa na barua pepe mbili kwenye simu, kiungo huweza kufunguka kwa ile nyengine. Gusa kiduara chenye picha yako juu kulia, usome anwani herufi kwa herufi, kisha umwambie mhasibu akusomee aliyoiandika yeye. Yangu ilikosa herufi moja tu!

Bado? Fungua dirisha fiche la Chrome (Incognito, lisilobeba akaunti ulizokwisha kuingia), uingie kwa anwani hiyo peke yake. Faili likigoma hata hapo, bonyeza kitufe cha kuomba ruhusa.

Ila nakuomba, mhasibu asilifungue faili kwa kila mwenye kiungo. Kikirushwa kwenye kundi la WhatsApp, malipo ya kina mama wote yako nje.

Na kama faili ni la akaunti ya ofisi iliyozuia watu wa nje, mtafuteni msimamizi wa mfumo wao; mhasibu hawezi kuliondoa zuio hilo.