Bandari na sare tatu za mwanzo: wasiwasi ni wa nini?

Ndugu yangu, nimekuelewa: umeniandikia kuhusu Bandari, timu yetu ya Mombasa katika Ligi Kuu ya Kenya, na kwamba umeibetia pesa ya kodi ya nyumba. Mechi nne, sare tatu na kufungwa moja, nawe ushaanza kuona Bandari wakishuka daraja. Ligi ni mechi 34. Zimebaki 30, yaani pointi 90.

Jedwali la sasa hudanganya, kwani mmoja kaanza na vibonde, mwingine na vigogo Gor Mahia ugenini. Ukienda Mbaraki, uwanjani kwetu, chukua kijitabu uandike mashuti ya ndani ya kumi na nane tu (boksi la yadi 18 mbele ya goli), yetu na yao, kila robo saa. Yetu yakiwa mengi na mpira hauingii, tatizo ni umaliziaji, na hilo hurekebika. Yakiwa mawili matatu mechi nzima, viungo hawafikishi mpira mbele. Hapo una haki ya kuogopa. Tazama pia kuanzia dakika ya 70: mabeki wa pembeni wakirudi kwa kutembea, pumzi haijakaa. Ngoja mechi kumi ndipo uhukumu.

Hilo la kubeti pesa ya kodi ya nyumba ndilo lanitia hofu zaidi. Acha leo, wala usifukuzie ulizopoteza. Ukishindwa kujizuia, mwone mshauri nasaha hospitalini, usione haya.